Kuku Aliyefunga Faili

Mama mwenzangu, kama wewe au mtoto wako ana gari, na gari hilo likafia njiani baada ya dhamana yake kwisha, kaa kwanza. Weka kikapu chini. Sikia yaliyompata Nabwire wa Kyebando, mwanamke mwenye akili zake timamu, ambaye mpaka leo ukimwuliza alikosea wapi atakutazama, atafungua mdomo, ataufunga tena.

Gari lilikuwa la binti yake, Moreen. Halikuwa gari la mtumba. Lilitoka kwa wakala likiwa jipya, viti vimevikwa nailoni, na Moreen alikuwa bado analilipia. Vani jeupe la kubeba watoto wa shule moja kule Naguru. Moreen ndiye dereva. Nabwire anakaa nyuma na watoto. Kazi yake ni kufunga kamba za viatu, kupangusa makamasi, na kuhakikisha hakuna mtoto anayeshuka na kiatu cha mwenzake. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha wote wawili, na mtoto mdogo wa Moreen pia.

Basi asubuhi moja, wiki ile shule zinakaribia kufunga, wakawa wanapanda kilima cha Naguru. Injini ikanguruma kama fahali, lakini gari halikupanda. Likasimama kidogo kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Kisha likaanza kurudi nyuma, polepole, na watoto ndani.

"Mama!" Moreen alilia, mguu umekanyaga breki mpaka mwisho. "Shuka utie jiwe!"

Nabwire akaruka. Jiwe liko wapi? Naguru ni mtaa wa kuta na mageti; mawe yote yamejengewa. Akaona chungu cha maua mbele ya geti la watu. Akakikumbatia na ua lake na udongo wake, akakisukuma chini ya gurudumu la nyuma. Chungu kikapasuka, lakini gari likatulia.

"We mama! Maua ya bosi!" askari wa geti akapiga kelele.

"Mwambie bosi wako maua yake yameokoa watoto wa watu," Nabwire akajibu. Aliwashusha watoto mmoja mmoja, akawapandisha kilima kwa miguu wameshikana mikono, akiimba ili wasijue kwamba anaogopa.

Gari likavutwa mpaka gereji ya wakala, huko kwenye viwanda. Pale mapokezi, nyuma ya kioo, alikuwepo kijana nadhifu mwenye fulana ya kampuni. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani: Wandera. Mafundi walipomaliza kupima, yeye ndiye aliyekuja kuwaambia.

"Giaboksi imekufa."

"Imekufaje?" Nabwire akauliza. "Haikuumwa hata siku moja."

"Mama, za otomatiki ziko hivyo. Zikianza kuteleza ndani, injini inazunguka lakini nguvu haifiki kwenye magurudumu. Inabidi kuweka nyingine."

"Si kuna dhamana?" Moreen akauliza. "Waranti ya miaka mitatu. Mliniambia ninyi wenyewe."

Wandera akatazama kompyuta yake. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ilikwisha mwezi uliopita, dada."

Nabwire akacheka, si kwa furaha. "Kwa hiyo gari lilikuwa linangoja? Gari linasoma kalenda?"

Wandera hakucheka. Akaandika bei kwenye kikaratasi, akakigeuza upande wa Moreen. Moreen akasoma. Kisha akakipindua, kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na huruma zaidi. Nabwire hakuhitaji kukiona. Aliona shingo ya mwanawe inavyoinama, akajua.

"Kuna njia moja," Wandera akasema, amepunguza sauti. "Si ahadi, lakini ipo. Kampuni yenyewe, ile inayounda magari huko ng'ambo, mara nyingine hukubali kushiriki gharama. Dhamana iwe imepita kidogo tu, na mwenye gari awe amelileta hapa kila servisi. Ninyi mmelileta kila mara. Nitawaandikia. Wao watoe sehemu, na ninyi mtoe sehemu."

"Watoe kwa nini?" Nabwire akauliza. "Tunawadai?"

"Hapana, mama."

"Ni haki yetu?"

"Hapana, haki yenu ilikwisha na dhamana."

"Basi ni mkopo."

"Si mkopo. Ni hisani. Wanaita nia njema. Kama kuwashukuru kwa kuwa wateja waaminifu."

Nabwire alisoma mpaka darasa la saba, tena alisoma vizuri, na katika maisha yake alikuwa amejifunza aina zote za vitu vinavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Analijua deni. Anajua sadaka, mahari, zawadi, rambirambi, chai ya polisi. Kitu hiki hakikuingia kwenye mfuko wowote.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wanaotoa ndio wanaoshukuru?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tunaopewa tunafanya nini?"

"Hamfanyi chochote. Msimruhusu fundi wa mtaani afungue giaboksi, basi. Mkae nyumbani, msubiri simu."

Msifanye chochote! Mtu mzima, gari limekufa, mtoto analia, anaambiwa asifanye chochote.

Walipokuwa wanatoka, Nabwire akageuka. "Wewe Wandera, kwenu wapi?"

"Busia, mama. Upande wa Uganda."

"Msamia?"

"Msamia."

Akamwuliza ukoo, kijana akautaja. Nabwire akashika kifua. Ulikuwa ukoo wa baba yake mwenyewe. Yeye alizaliwa upande wa pili, lakini mpaka wa nchi umepita tu katikati ya watu wale kama waya wa kuanikia nguo. Kumbe huyu ni mtoto wa kaka zake. Tena baba yake mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa anaitwa Wandera.

"Basi wewe ni baba yangu," Nabwire akasema, na machozi yakamlenga.

"Na wewe ni senge wangu," kijana akajibu, akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri. Ndivyo Wasamia wanavyomwita shangazi, dada wa baba. "Lakini hapa kazini, senge, niite Wandera tu."

Nabwire aliyasikia maneno yale, lakini hakuyaweka mahali pazuri.

Likizo ikaanza, siku zikapita. Simu haikulia. Fundi mmoja wa Kamwokya alikuja mpaka nyumbani kusema anaweza kupata giaboksi iliyotumika, ingawa hawezi kuapa itafika Krismasi. Moreen akamkatalia. Mwalimu mkuu wa shule naye akampigia Moreen kusema amesikia habari ya gari, na anasikitika, lakini wazazi wanauliza. Jumatatu shule ikifunguliwa na vani halipo getini, njia ile ataipata mtu mwingine. Watu wako tayari, wanapanga foleni.

Nabwire akawa halali vizuri. Alikuwa na rafiki, Ayot, mke wa polisi wa kambi ya Naguru, mama wa Kiacholi anayeuza simsim na karanga za kusaga soko la Kamwokya. Alhamisi asubuhi akaenda kumwona, akakaa kwenye debe lililopinduliwa, akamweleza yote.

"Wewe Mama Moreen," Ayot akasema, mikono yake ikiendelea kupima karanga, "unangoja nini? Unangoja Mungu apige simu?"

"Wameniambia nisifanye chochote."

"Ee! Na wewe ukakubali? Sikia mimi. Mutu akikwambia usifanye kitu, maana yake anaona haya kukwambia ufanye kitu gani."

"Wandera si mtu wa hivyo. Ni mtoto wetu."

"Ndiyo mubaya zaidi! Mutoto ya kwenu anakufanyia kazi, wewe nakaa tu nyumbani na mukono mutupu? Kwenu mutu akikutendea mema munafanya je?"

Nabwire akafikiri. "Tunampelekea kuku."

"Sasa?"

"Ayot, sitaki mambo ya hongo. Mimi ni mtu wa kanisa."

Ayot akaacha karanga kabisa, akashika kiuno. "Kuku ni hongo? Tangu lini? Hongo inakaa ndani ya bahasha, inaingia kwa mufuko, hakuna mutu naona. Kuku anatembea muchana, dunia yote naona, na yeye mwenyewe anapiga kelele. Wapi ulisikia hongo inapiga kelele?"

Nabwire alirudi Kyebando akijiuliza maswali njia nzima. Kama ingekuwa haki yake, asingepeleka kitu. Mtu hashukuriwi kwa kukupa kilicho chako. Lakini wamesema kwa midomo yao si haki, ni hisani. Na hisani unaiachaje ipite uchi mbele yako? Baba yake angesema nini?

"Mama, usiende pale," Moreen alimwambia jioni ile, kwa sababu alimwona anamtazama sana mtetea wao mwekundu pale uani. "Tuliambiwa tukae. Tukae."

"Nimesema naenda?"

"Unamtazama kuku."

"Mtu akitazama kuku wake ni kosa?"

Ijumaa asubuhi Moreen akaenda shuleni kumwomba mwalimu mkuu amwongezee muda. Alipopinda tu kona, Nabwire akavaa gauni la kanisani, akamfunga yule kuku miguu kwa uzi wa sufu ili asiumie, akamweka kwenye kikapu na kitambaa juu. Alikuwa kuku mzuri, ndiyo kwanza ameanza kutaga. Mtu hampelekei baba yake kuku aliyezeeka.

Getini kwa wakala askari akauliza, "Mama, kikapu kina nini?"

"Heshima," Nabwire akajibu. Askari akafunua kitambaa, akaona kichwa, akafunika tena. Hakuwa na maagizo yoyote juu ya kuku. Akampitisha.

Ndani kulikuwa na baridi kama ya chumba cha maziwa. Wandera alipomwona, uso wake uling'aa. "Senge! Nilikuwa nakaribia kukupigia! Wamekubali! Leo asubuhi wamejibu: kampuni inatoa nusu, na giaboksi mpya iko hapa hapa kwenye stoo. Imebaki sahihi ya Hajji Uthman tu, mkuu wetu wa gereji. Jumatatu gari linatembea."

Unaona, mama mwenzangu? Mambo yalikuwa yameshatengenea. Kama Nabwire angepiga vigelegele pale, akarudi nyumbani na kikapu chake, hadithi ingeishia hapo na isingefaa kusimuliwa.

Lakini mwanamke aliyeletewa habari kama ile atarudije na kuku aliyekuja naye? Akafunua kitambaa. Akamtoa kuku, akamshika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Pokea, baba."

Uso wa Wandera ukazimika. Akatazama juu, kwenye kona, ambako kamera ilikuwa inatazama pia. "Senge," akanong'ona, "siukatai moyo wako. Lakini hapa..."

"Unanikataa?"

Kumkataa kuku wa senge! Hata Wandera, na kompyuta yake na fulana yake, alikuwa amelelewa na watu. Mikono yake miwili ilitoka yenyewe, akampokea. Akamsukuma haraka chini ya meza. "Asante, senge. Sasa nenda, tafadhali nenda."

Na pengine yangepita. Lakini kuku yule, huko chini, gizani, miguu imefungwa, kati ya nyaya za kompyuta, aliona ndio wakati wake. Akataga. Na akishataga, kuku yeyote ajuaye wajibu wake hutangaza. Akatetea. Akatetea mpaka wateja waliokuwa wanangoja kwenye viti vya ngozi wakainua vichwa, na mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mzee wa makamo mwenye kofia nyeupe na kalamu mkononi.

"Wandera," Hajji Uthman akasema. "Nini hiyo?"

Wandera akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza. Basi Nabwire, kwa fahari kabisa, mbele ya watu wote, akamsaidia. "Ni kuku wake, Hajji. Nimemletea mimi, kwa sababu ya ile nusu ya gari letu."

Ile kalamu ilirudi mfukoni.

Saa nane Moreen akapigiwa simu, naye akaiweka sauti ya nje ili mama yake asikie. Faili lake limefungwa. Mteja ametoa kitu kwa mfanyakazi wakati ombi bado liko mezani, na kampuni ya ng'ambo ina sheria: hapo hapo kila kitu husimama. Wandera ametolewa kazini mpaka jambo lichunguzwe. Kesho, ingawa ni Jumamosi, mama aje ahojiwe. Kuku anabaki pale kama kielelezo.

Moreen akaweka simu chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mama, nusu yote," akasema. "Nusu yote ya giaboksi, kwa kuku mmoja."

"Lakini walikuwa wamekubali kabla hawajamwona! Sasa kuku amebadilisha nini?"

"Sijui, mama."

"Nimeiba?"

"Hapana."

"Nimetukana mtu?"

"Mama, sijui!"

Ayot alipopata habari alikuja mbio, leso inaburuzika chini. Alikuwa ameshazungumza na mumewe, naye anajua mambo ya kuhojiwa. "Rahisi sana. Kesho unasema ni yule kijana alikuomba kuku. Kwisha. Wewe ni mama munyonge, ulitishwa. Yeye anabeba, wewe nachukua gari."

"Hakuniomba."

"Nani atajua? Kuku atasema?"

"Ameshasema ya kutosha," Moreen akasema kutoka chumbani.

Jumamosi walipofika, kuku alikuwa amefungwa kwenye kibanda cha askari, amewekewa maji kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Nabwire akataka kumshika. "Usiguse, mama," askari akasema kwa huruma. "Ni kielelezo. Leo ametaga tena. Hata mayai sijui ni ya nani, nimeyaweka tu hapa."

Hajji Uthman akawangoja ukumbini. Alikuwa Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake cha tangu tumboni, na macho yake hayakuwa mabaya. "Mama yangu, nisikilize vizuri. Ndani kuna mama mmoja wa kampuni, yuko ng'ambo, utamwona kwenye skrini. Atakuuliza, nitatafsiri. Kama kijana alikuomba kuku, wewe ni mtu uliyeonewa. Faili linafunguliwa, nasaini leo, na Jumatatu gari liko barabarani. Kijana anaenda nyumbani moja kwa moja. Kama hakukuomba, ulileta mwenyewe, kijana ataonywa, atarudi kazini. Lakini faili limekufa. Sikuambii useme nini. Hiyo ndiyo sheria, nami sikuiandika."

Nabwire akamtazama Moreen. Moreen alikuwa anatazama kucha zake. Njia ile ilikuwa chakula, ilikuwa kodi, ilikuwa karo. Nabwire aliiona Jumatatu: watoto wake, maana aliwaita wake, wamesimama getini na gari la mtu mwingine linakuja, na mtu mwingine anafunga kamba za viatu, tena anazifunga vibaya.

Wakaingia. Kwenye skrini palikuwa na mwanamke mwenye nywele fupi, nyuma yake dirisha lenye mvua. Pembeni ya meza alikaa Wandera, bila fulana ya kampuni, na shati lake la nyumbani lilimfanya aonekane mdogo sana. Hakumwangalia senge wake.

"Anauliza," Hajji akasema, "huyu kijana alikuomba kuku, au kitu chochote?"

Nabwire akafungua mdomo. Alikuwa na majibu mawili, yote mazito. Akamtazama kijana. Masikio yale. Hakuwa ameyaona vizuri siku zile nyingine. Baba yake alikuwa na masikio kama yale, yamesimama kidogo kama anangoja kuitwa.

"Hakuniomba," akasema. "Aliniambia nikae nyumbani nisifanye chochote. Nikashindwa kukaa."

Moreen akafumba macho. Wandera akatoa pumzi ndefu, kama gari linalozimwa.

"Anauliza kwa nini basi ulileta."

"Mwambie na mimi nauliza!" Nabwire akasema, na sauti yake ikapanda bila ruhusa. "Mwambie waliniambia si haki yangu. Wangesema ni haki, kuku angebaki Kyebando, ningekuja na kucheka tu. Wakasema ni hisani, wanatoa kwa moyo. Sasa mtu akikutolea kwa moyo, wewe unamgeuzia mgongo? Mimi nilijua wao wanashukuru na sisi tunashukuru. Kumbe wao wakishukuru ni nia njema, mimi nikishukuru ni wizi. Amweleze mtu wa darasa la saba. Nitakaa nisikie."

Hajji akatafsiri. Ilichukua muda, na mahali fulani alisita, akamtazama Nabwire, akaendelea. Mwanamke wa kwenye skrini akaandika kitu kwenye karatasi. Mvua ya kwao ikateremka kwenye kioo. Halafu akasema kitu kirefu.

"Anasema anakuelewa," Hajji akasema, "lakini kampuni ni kubwa, na haiwezi kujua kuku gani ni shukrani na kuku gani ni kitu kingine. Kwa hiyo wanakataa wote. Ombi hili limefungwa." Akangoja, kwa sababu skrini ilisema tena. "Anauliza gari ni la nani."

"La mwanangu huyu."

"Yeye alijua habari ya kuku?"

"Huyu? Huyu alinikataza! Alinikataza kwa maneno kabisa, jioni ile, kuku mwenyewe akisikia."

Wakaongea Kiingereza wao kwa wao, Hajji na skrini. Kisha Hajji akamgeukia Moreen, si Nabwire. Mwenye gari hana kosa, akasema. Anaweza kuandika ombi jipya kwa jina lake, na litaangaliwa tangu mwanzo, na mtu mwingine, si Wandera. Itachukua wiki nyingi. Sehemu watakayotoa inaweza kuwa ndogo kuliko nusu. Na mama asikanyage tena ndani ya geti lile mpaka jambo liishe, yeye wala kikapu chake.

"Jumatatu je?" Moreen akauliza.

"Jumatatu haiwezekani, binti yangu."

Jumatatu njia ikaenda kwa mtu mwingine. Muhula ule Moreen aliendesha gari la mtu, zamu za jioni, na Nabwire akauza mboga mbele ya nyumba, akiona magari ya shule yanapita. Ombi jipya likajibiwa muhula unaelekea kwisha. Kampuni ilitoa robo tu. Robo tatu zilizobaki walijikamua wenyewe. Siku ya kuchukua gari Nabwire alisimama ng'ambo ya barabara, mikono ameikunja kwapani ili askari aone haina kitu. Moreen akatoka na vani, giaboksi mpya, laini kama siagi. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kufikiria, mwaka mpya ukianza.

Nyuma ya vani akatoka Wandera kwa miguu, anaenda chakula cha mchana. Akamwona Nabwire. Nabwire akainua mkono nusu. Kijana akatazama geti, akatazama kamera iliyo juu ya geti, akatazama chini, akapita. Hakusema hata hujambo.

Jioni ile simu ya Nabwire ikalia. "Senge," sauti ikasema, "nisamehe. Wamenikataza kusalimiana na mteja wa lile jambo. Nilikusalimia moyoni."

"Nilisikia, baba," Nabwire akasema, ingawa hakusikia kitu.

"Kuku yuko?"

"Yuko."

Alikuwa amerudishwa zamani, pamoja na mayai, Nabwire akatia saini ya kumpokea. Ameshalalia mara moja, akaangua vifaranga wekundu wanaozagaa uani Kyebando. Na hapo ndipo Nabwire anapochanganyikiwa kuliko pote. Kuku aliyekwisha kupokelewa kwa mikono miwili ni wa aliyempokea. Mtoaji hali kuku aliyemtoa, haijawahi kuonekana. Na Wandera hawezi kumchukua, maana kazi itaondoka. Hauzwi. Hachinjwi. Mgeni akija, Nabwire hununua kuku sokoni, wageni wakicheka kwamba anapita katikati ya kuku wake mwenyewe kwenda kununua kuku.

"Si wangu," huwaambia.

"Ni wa nani?"

Hapo hufungua mdomo, akaufunga.

Basi wewe, mama mwenzangu, ukiambiwa na watu wa magari kwamba si haki yako lakini watakusaidia, peleka karatasi zako za servisi, sema asante kwa mdomo, urudi nyumbani. Ukiona mikono inawasha, ikalie. Na kama mtu wa ukoo wako ndiye aliye nyuma ya kile kioo, ndiyo uikalie zaidi.